Swichi ya Kiti: Historia Fupi ya Mashine ya Nyasi Iliyokataa Kuwaka Kiandutu

Kunradhi kwa kimya kirefu, kazi zilinibana. Nilikuwa nimeahidi kuendelea na mambo ya hifadhidata, lakini leo mtanivumilia. Nimerudi kutoka nyumbani na kichwa kimejaa waya.

Nyumbani ni Kiandutu. Kwa wasiojua, huu ni mtaa wa mabanda hapa Thika, upande wa barabara ya Garissa. Jina lenyewe latokana na neno la Kikuyu ndutu, yaani funza. Mahali pa funza. Kwa hiyo mimi niliyesomea sayansi ya tarakilishi, ninayelipwa kusaka wadudu ndani ya programu, nimelelewa mahali palipopewa jina la mdudu. Wenzangu ofisini wameshacheka wakachoka.

Mjomba wangu ni fundi wa waya za magari. Hana duka, ana kibanda cha mabati, meza moja na mti wa kivuli. Jumamosi moja pikapu ikamletea mashine ya kukata nyasi, ile ya kukalia kama trekta dogo, iliyotengenezwa Marekani. Unageuza ufunguo, kimya. Hata mlio wa "tk" hakuna. Msimamizi aliyeileta alisema wana nyingine mbili kama hiyo, na kwamba hii ikipona basi zote tatu zitakuwa za mjomba kuzitunza, kila mwezi, kwa malipo ya uhakika. Mjomba ana kijana kidato cha tatu. Nadhani mnaelewa hesabu iliyokuwa kichwani mwake.

Tuanze na nyasi, maana hapo pana kichekesho. Mashine ya kukata nyasi ilibuniwa na Mwingereza Edwin Budding, aliyeisajili mwaka 1830. Wazo alilipata kwenye kiwanda cha nguo: kulikuwa na mashine yenye visu vya kuzunguka iliyonyoa malaika ya kitambaa cha sufu kiwe laini. Budding akaona kwamba kilichonyoa kitambaa kinaweza kunyoa uwanja. Mwaka 1902 kampuni ya Ransomes ya Uingereza ikaanza kuuza mashine ya petroli. Wakati huohuo walowezi walikuwa wanakuja huku kwetu, reli ikafika Thika mwaka 1913, na bustani za kizungu zikafuata nyuma yake. Sasa kichekesho: nyasi zilizokuwa zinaota hapa nyanda za juu bila kuombwa na mtu zilichukuliwa katika miaka ya 1910 na 1920 zikapelekwa Afrika Kusini, Australia na California, na huko zinaitwa mpaka leo "kikuyu". Viwanja vya gofu vya watu vimejaa jina letu. Ni nyasi kaidi, zinatambaa juu na chini ya udongo, zinafuma kama mkeka, na zinachosha mashine. Hiyo mashine ilikuwa imevuka bahari kuja kupambana nazo kwao.

Huku kwetu kwa miaka mingi kilichokata nyasi kilikuwa fyekeo na mgongo wa mtu. Bado ni hivyo mahali pengi. Mashine ya kukalia unaikuta kwenye viwanja vya gofu, shule za matajiri na mashamba makubwa, na ikiharibika mwenye nayo anagundua kwamba anayejua kuitengeneza hayuko karibu. Hapo ndipo jua kali inapoingia.

Neno "jua kali" limezeeka sasa, hata serikali inalitumia, lakini si zamani sana mafundi wa aina ya mjomba walikuwa wakifukuzwa na askari wa manispaa. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya, ikasema watu hawa si wavivu wala wahuni, ni sehemu ya uchumi inayofanya kazi kweli. Mwaka 1985 Rais Moi akawatembelea wale wa Kamukunji, Nairobi, akaahidi vibanda vya kuwakinga na jua. Mjomba anapenda kusema ahadi hiyo ilipotea njia ikija Kiandutu.

Kazi yake ya kwanza haikuwa magari hata kidogo. Ilikuwa kuchaji betri. Ukumbuke kwamba umeme ulikuwa karibu sana nasi na mbali sana nasi. Bwawa la Ndula kwenye Mto Thika lilianza kutoa stima mwaka 1925, miaka mitatu tu baada ya kampuni ya East African Power and Lighting kuundwa, na Thika ikawa mji wa viwanda. Lakini nguzo zilipita juu ya vichwa vya watu kwenda viwandani. Mtaani watu walitazama televisheni ndogo za betri ya gari, na betri ikiisha unaibeba begani au kwenye baiskeli hadi kwa mwenye chaja. Baadaye ikaja "sambaza", stima ya kuunganishiwa kwa mlango wa nyuma, iliyounguza vyumba vingi. Hata mwaka 2015, bei ya kuunganishwa kihalali ilipopunguzwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, hizo 15,000 hazikuwa pesa za mchezo kwa mtu wa kibarua.

Sasa mtu aliyechaji betri za majirani miaka kumi anajua betri. Kabla hata sijatoa mita yangu mjomba alikuwa ameshaangalia vichwa vya betri, akavikwangua, akasema, "Pima." Ikasoma 12.6. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 ikiwa imejaa na imepumzika inasoma hapo, 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.0 imeisha, hata kama taa zinawaka. "Geuza ufunguo, uangalie mita," akasema. Nikageuza. Namba haikutikisika. Hiyo peke yake ni habari: stata ikipewa umeme inavuta ampea nyingi mno na volti lazima ianguke. Isipoanguka, hakuna kinachovuta. Tatizo liko kati ya ufunguo na stata.

Hapa ngoja niwaambie kuhusu stata, maana historia yake inaeleza kwa nini inakaa ilivyokaa. Zamani injini iliwashwa kwa mkono wa chuma. Ikirudi nyuma inakuvunja mkono au taya. Inasimuliwa kwamba kifo cha Byron Carter, mtengenezaji magari wa Marekani aliyefariki mwaka 1908, ndicho kilichomsukuma mkuu wa Cadillac kutafuta dawa. Dawa ilitoka kwa Charles Kettering, aliyekuwa ametengeneza mota ya umeme ya kufungulia mashine za kuhesabia pesa dukani. Wahandisi wengine walikuwa wanapiga hesabu ya mota ya kufanya kazi mchana kutwa, wanapata kitu kikubwa mno. Kettering alijua kutoka kwenye zile mashine za pesa kwamba mota ndogo inaweza kutoa nguvu kubwa ikiwa ni kwa sekunde chache tu, kisha ipumzike. Stata yake ikawa kwenye Cadillac ya mwaka 1912. Ndiyo maana hata leo hutakiwi kushikilia ufunguo zaidi ya sekunde tano hivi. Mota ile imeibiwa ukubwa. Inaishi kwa mapumziko.

Na kwa kuwa umeme wa stata ni mwingi, hauwezi kupita kwenye swichi ndogo ya ufunguo. Swichi itaungua. Basi ufunguo unatuma umeme mdogo kwenye solenoidi, solenoidi inavuta chuma, chuma kinaunganisha nyaya nene. Umeme mdogo unaamuru mkubwa. Ni relei tu, ndugu ya zile zilizokuwa ndani ya kompyuta za miaka ya 1940. (Najua mnasubiri nisimulie tena ile nondo ya mwaka 1947 iliyobanwa kwenye relei ya kompyuta ya Harvard Mark II. Sisimulii. Nitasema tu kwamba neno "mdudu" kwa maana ya hitilafu Edison alikuwa analitumia tangu 1878.)

Kwenye mashine ya nyasi ule umeme mdogo una safari. Unatoka betrini, unapita fyuzi, ufunguo, kisha swichi ya kisu, ambayo inafungua njia ikiwa tu kisu kimezimwa, kisha swichi ya pedali ya breki, ambayo inafungua njia ukiwa umekanyaga, halafu ndipo unafika kwenye solenoidi. Msururu wa "na": hiki NA hiki NA hiki. Mtu yeyote aliyeandika programu ameshaujua ugonjwa. Sharti moja likikataa, hupati jibu, na hakuna anayekuambia ni lipi.

Nikajitosa. Nilichomoa waya mdogo kwenye solenoidi, nikaweka mita kwenye ncha yake, mjomba akakanyaga breki na kugeuza ufunguo. 12.5. Nikatangaza kwa sauti ya mtu mwenye digrii: waya wote ni mzima, solenoidi imekufa, tukanunue nyingine mjini.

Mjomba hakusema kitu. Akatoa kwenye kopo balbu ya taa ya breki ya lori, wati 21, imechomelewa nyaya mbili. Ncha moja akaiweka kwenye bodi, nyingine kwenye ule waya niliokuwa nimeupima. Nikageuza ufunguo. Balbu ikawa nyekundu kidogo kama kaa la moto linalozimika.

"Hiyo ndiyo 12.5 yako," akasema.

Wasomaji, niliona aibu, na nilistahili. Hebu tupige hesabu pamoja. Tuchukulie mahali fulani pana kutu yenye ukinzani wa omu 20, na koili ya solenoidi ni omu 4. Mita ya kidijitali ina ukinzani wa omu milioni 10, kwa hiyo inavuta umeme usiofika hata sehemu mbili za milioni za ampea. Kutu haiuhisi, na mita inasoma volti karibu zote. Ukiunganisha solenoidi, jumla ni omu 24, umeme ni nusu ampea, na koili inabaki na volti 2. Volti 2 haiamshi solenoidi. Nilikuwa nimepima njia bila mzigo, kama mtu anayejaribu daraja kwa kupitisha kuku halafu anaruhusu lori. Na mimi huyuhuyu huwa nawakemea wenzangu kazini kwamba programu inayofanya kazi kwa mtumiaji mmoja haijajaribiwa!

Cha kushangaza, mita za zamani zisingenidanganya sana hivyo. Avometer, iliyoanza kuuzwa mwaka 1923 kutokana na ubunifu wa Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza aliyechoka kubeba vifaa vitatu, ilikuwa ya mshale, na mshale ulihitaji umeme wa kusukumwa. Yenyewe ilikuwa mzigo mdogo. Kadiri mita zilivyoboreshwa zisiguse saketi, ndivyo zilivyozidi kuonyesha volti za uongo. Balbu ya mjomba haisomi namba, lakini inavuta karibu ampea mbili, na mwenye njaa hadanganywi na harufu.

Akarudi nyuma na balbu yake. Hakuanza mwanzo wala mwisho. Alianza katikati, baada ya swichi ya kisu: mwanga mweupe. Kwa hiyo nusu ya kwanza ni nzima. Baada ya swichi ya breki: kaa la moto. Tumefika. Tukachomoa soketi ya swichi ya breki, ndani pini moja imeota kutu ya kijani, majani makavu yamejaa. Petroli kidogo, brashi, msasa, pini ikabanwa ishike vizuri, grisi juu yake. Gharama ya vifaa: sifuri.

Kitu kimoja kilitusumbua katikati ya kazi, nacho ni rangi. Mjomba alifundishwa na mzee aliyekuwa akiunganisha malori kwenye kiwanda cha Leyland hapa Thika, kile kilichoanza mwaka 1974. Malori yale yalikuwa na rangi za Kiingereza: kahawia hutoka moja kwa moja betrini, nyeupe hutoka kwenye ufunguo, kijani imepita fyuzi, nyekundu ni ya taa ndogo, nyeusi ni erthi. Mjomba amezikariri kama sala. Kwenye mashine hii ya Marekani nyekundu ndiyo inayotoka betrini. Mara mbili nilimwona ameshika waya mwekundu bila wasiwasi, kama wa taa ndogo, halafu akakumbuka. Tunadhani waya ni waya, kumbe kila nchi ilimwaga lugha yake ndani ya chuma.

Ikawaka. Geuza tu, ikaitikia. Watoto wakapiga makofi. Nilidhani tumemaliza.

Mjomba akaipandisha juu ya matofali, akafukuza watoto wote hadi ng'ambo ya mtaro, akakaa, akawasha kisu, kisha akainua makalio kidogo kutoka kwenye kiti. Injini ikaendelea. Akainuka zaidi. Ikaendelea. Akazima, akafungua chini ya kiti. Waya wa swichi ya kiti ulikuwa umechomolewa, ukafungwa kwa tepu nyeusi kwa ustadi kabisa. Aliyefanya hivyo alikuwa fundi, si panya.

Swichi hiyo ina historia yake. Marekani iliunda Tume ya Usalama wa Bidhaa kwa sheria ya mwaka 1972, na kuanzia 1982 mashine za kusukuma zikalazimika kusimamisha kisu ndani ya sekunde 3 mtu akiachia mpini. Kwa zile za kukalia, viwanda vilifuata kanuni ya hiari, ANSI B71.1, na katika miaka ile ya 1980 swichi ya kiti ikawa kitu cha kawaida: ukiondoka huku kisu kinazunguka, mashine inajizima. Sababu ilikuwa hospitalini, vidole na miguu, mara nyingi ya watoto wa mwenye mashine.

Lakini angalieni inavyofanya kazi. Injini hizi ndogo hupata cheche kwa magineto, teknolojia ambayo Gottlob Honold wa kampuni ya Bosch aliikomaza mwaka 1902. Magineto haihitaji betri. Inajizalishia umeme injini ikizunguka. Kuizima hukati umeme, bali unauelekeza kwenye bodi, kwa kuunganisha waya. Swichi ya kiti, mtu akiinuka, inaunganisha ule waya na bodi. Sasa basi: waya wa kuwashia ukikatika, mashine haiwaki. Waya wa kuzimia ukikatika, mashine haizimi. Kutu ileile. Ikiingia upande mmoja, pikapu inakuja Kiandutu mara moja. Ikiingia upande wa pili, hakuna anayelalamika, mashine inawaka vizuri kuliko zamani, kila mtu ana furaha. Nimekaa miaka sita nikiandika programu na sikuwahi kuliona jambo hili wazi hivyo.

Mjomba akaurudisha waya. Akajaribu: akainuka, injini ikafa.

Msimamizi alikuja jioni na dereva wa mashine. Dereva akaijaribu pale uwanjani, akainuka aondoe jiwe, ikazima. Akakasirika. Alisema uwanja wao una mawe na chupa, hawezi kuwasha mashine mara arobaini kwa siku. Msimamizi akamwambia mjomba, kwa upole kabisa, "Fundi, hiyo ya kiti toa tu. Ilikuwa imetolewa." Nilianza kueleza habari za sheria, kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamdai mwajiri azikinge sehemu hatari za mashine. Nilikuwa sahihi, na hakuna aliyenisikiliza.

Mjomba akainua mkono wake wa kushoto. Una vidole vitatu. Viwili viliondoka na mashine ya kukatia nepia ya ng'ombe, kwa jirani, mota iliyounganishwa moja kwa moja na stima bila swichi ya maana. Aliyekimbia kuizima ilimbidi aende hadi ndani ya nyumba. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka tu kitambaa. "Mimi nimeirudisha," akasema. "Kuitoa mtafute mwingine."

Akamwonyesha dereva jinsi ya kuzima kisu na kufunga breki kwanza kabla ya kuinuka; hapo injini haizimi, inabaki inanguruma na jiwe linaondolewa. Dereva alijaribu mara moja, bila kusema kitu. Msimamizi akalipa nusu, nyingine akasema atatuma kwa M-Pesa, wakaipandisha kwenye pikapu.

Nusu ile ilitumwa siku ya pili. Simu ya zile mashine mbili haijapigwa mpaka leo ninapoandika. Nilimwuliza mjomba jana kama anadhani wataitoa tena ile waya, akaniambia nimletee balbu nyingine ya wati 21, ya kwake imeanza kuwa nyeusi.